Spini katika fulerini zenye metali: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa tahasusi ya PCM, kwa wa mwaka wa kwanza pale Mlimani na DIT, na kwa wazazi wawili watatu waliolisikia neno "kwanta" kwenye taarifa ya habari mwaka 2025, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito. Mwenye haraka aruke hadi swali la tundu, yaani kizimba cha kaboni kinachoifungia metali. Hilo ndilo watu wengi hulikosea, wakiwemo walimu.

Mwalimu, fulerini yenye metali ni kitu gani hasa?

Ni molekuli ya kaboni iliyojifunga pande zote, na ndani yake imefungiwa atomi ya metali, moja au zaidi. Fulerini maarufu ni C60: atomi 60 za kaboni zilizopangika katika pembetano 12 na pembesita 20, kipenyo chake kama nanomita 0.7. Waliigundua Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, na mwaka 1996 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kinachosahaulika ni kwamba siku chache tu baada ya kuiona C60, kundi hilohilo lilikuwa limekwisha kujaribu kuingiza lanthanamu ndani yake, na dalili zikaonekana kwenye mashine ya kupimia uzito wa molekuli. Kwa hiyo wazo la kufungia metali lina umri karibu sawa na fulerini yenyewe. Kilichochelewa ni kuipata kwa kiasi cha kuweka kwenye chupa. Hilo lilifanikiwa mwaka 1991 kwa La@C82, yaani lanthanamu ndani ya tundu la kaboni 82. C60 yenye metali hutokea kwenye masizi ya kaboni ambamo fulerini hupatikana, lakini ni korofi: haiyeyuki vizuri na haivumilii kusafishwa. Ndiyo maana karibu kila utakachosoma kinahusu matundu makubwa zaidi, hasa C80 na C82.

Hiyo alama ya @ inahusiana na barua pepe?

Hapana. Kilicho kushoto kwake kimo ndani ya kilicho kulia. La@C82: lanthanamu imo ndani ya C82. Basi.

Elektroni inazunguka kweli kama pia?

Haizunguki. Spini ni tabia ya kuzaliwa ya elektroni, kama ilivyo chaji yake. Jaribio la Stern na Gerlach la mwaka 1922 lilionyesha miale ya atomi za fedha ikigawanyika mara mbili ilipopita kwenye uga sumaku usio sawa, na mwaka 1925 Uhlenbeck na Goudsmit wakapendekeza kwamba elektroni ina spini ya nusu. Ukiiweka kwenye uga sumaku ina hali mbili: kuelekea na uga au kinyume chake. Kifaa cha kwanta, yaani kinachotumia hali kama hizi kuhesabu au kupima, kinataka zaidi ya hapo. Kinataka elektroni iwe kwenye mchanganyiko wa hali zote mbili kwa wakati mmoja, na mchanganyiko huo udumu.

Elektroni mbili zikikaa pamoja kwenye obiti moja, spini zao hufutana. Kwa hiyo tunachotafuta ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza. Shika maneno hayo, yatarudi sana.

"Uthabiti wa spini" maana yake nini? Molekuli haivunjiki?

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna uthabiti wa molekuli yenyewe: je, inavumilia joto, hewa, mwanga? Halafu kuna uthabiti wa spini: je, elektroni inakumbuka kwa muda gani hali uliyoiweka? Molekuli inaweza kuwa imara miaka mitano kabatini huku spini yake ikisahau kila kitu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Uthabiti wa spini hupimwa kwa namba mbili. T1 ni muda ambao spini iliyosukumwa nje ya hali yake ya kawaida huchukua kurudi. T2 ni muda ambao awamu hudumu, yaani ule mpangilio wa mchanganyiko wa hali mbili kabla haujavurugika. T2 haiwezi kuzidi T1 mara mbili, na kwa kawaida iko chini sana ya hapo. Kwa vifaa vya kwanta, T2 ndiyo bosi. Ukisoma mtu anajisifu kwa T1 ndefu tu, muulize T2 ni ngapi.

Aliyewahi kuandikiwa kipimo cha MRI pale Muhimbili amepita karibu na namba hizihizi bila kujua. Mashine ile hutumia spini za viini vya haidrojeni, na picha zake hutofautisha tishu kwa T1 na T2 zake. Sisi tunafanya jambo la ukoo huohuo kwa elektroni, ambayo usumaku wake ni mkubwa kuliko wa protoni kwa takriban mara 660, kwa hiyo kila kitu hutokea haraka zaidi.

T2 inapimwaje kama spini zenyewe hazionekani?

Kwa resonansi ya spini ya elektroni, ambayo maabara wanaiita EPR. Aliyeanzisha ni Yevgeny Zavoisky, Kazan, mwaka 1944. Sampuli huwekwa kwenye uga sumaku na kupigwa kwa maikrowevu. Mashine za kawaida hutumia takriban gigahezi 9.5 na uga wa tesla 0.34 hivi. Kupima T2 hutumika mapigo mafupi na mbinu ya mwangwi aliyoigundua Erwin Hahn mwaka 1950.

Chukua bodaboda 20 zinazoondoka Ubungo kwa pamoja kufuata Barabara ya Morogoro, kila moja na mwendo wake. Baada ya dakika 15 zimetawanyika: wa mbele kashafika Mbezi, wa nyuma ndiyo kwanza anaiona Kimara. Sasa wote wapigiwe simu kwa mpigo: geuza. Kama kila mmoja atashika mwendo uleule aliokwenda nao, baada ya dakika 15 nyingine wote wataingia Ubungo kwa pamoja, kwa sababu mwenye safari ndefu ya kurudi ndiye huyohuyo mwenye kasi. Huo ndio mwangwi. Lakini aliyebadilisha mwendo njiani, kwa foleni au kwa kusimama kuweka mafuta, hatafika na wenzake. Ukirefusha muda kabla ya kupiga simu, wanaopotea huongezeka, na mwangwi hufifia. Kasi ya kufifia huko ndiyo inayokupa T2. Kwa hiyo mwangwi husamehe tofauti za kudumu kati ya spini na spini. Hausamehi mabadiliko yanayotokea katikati ya safari.

Ukilielewa hilo, maswali yote yanayofuata yanageuka kuwa swali moja: ni nini kinachobadilisha mwendo wa spini njiani?

Si tundu la kaboni ndilo linaloilinda spini?

Inategemea spini iko wapi, na majibu mepesi yote huanguka hapa.

Kuna molekuli ambayo maelezo ya "tundu ni ulinzi" yanaifaa kweli: N@C60, atomi moja ya naitrojeni ndani ya C60, iliyotangazwa kutoka Berlin mwaka 1996. Naitrojeni hukaa katikati kabisa, haifungamani na kaboni, na elektroni zake tatu zisizo na wenza hubaki kwake kana kwamba ipo angani peke yake. T2 yake katika kiyeyusho cha kaboni daisalfaidi ilipimwa kuwa takriban mikrosekunde 80 kwenye joto la kawaida la chumba, na kufikia kama 250 kwenye kelvini 170. Kwa molekuli iliyoyeyushwa kwenye kimiminika, hizo ni namba za kushangaza. Ila naitrojeni haina dini: ukiipasha moto kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, huanza kutoroka.

Metali haifanyi hivyo. Metali ndani ya tundu hutoa elektroni zake. Lanthanamu ndani ya C82 hutoa tatu: yenyewe inabaki na chaji +3, tundu linachukua −3, na ile elektroni moja isiyo na mwenza haiko ndani tena. Imesambaa juu ya tundu lenyewe, yaani spini imo ukutani. Kwa hiyo katika La@C82, Y@C82 na Sc@C82 tundu halilindi spini dhidi ya nje. Tundu ndiyo makazi ya spini, na jirani yeyote anayeligusa anaigusa spini.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu kwa miaka mingi walizipuuza hizi za metali. Ilidhaniwa kwamba uhamisho huo wa chaji unaibana T2 isizidi mikrosekunde chache. Mwaka 2010 kundi la Oxford likachapisha vipimo vilivyobadilisha hesabu: kwa Y@C82, Sc@C82 na La@C82 T2 ilipita mikrosekunde 200, zaidi ya mara 100 ya zilizokuwa zimeripotiwa awali. Molekuli zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kilichozizunguka.

Maoni yangu, na si kila mtu atakubali: matokeo hayo yanatuambia kwamba sehemu kubwa ya kile tulichokuwa tunakiita "udhaifu wa metali" ulikuwa udhaifu wa kiyeyusho.

Basi ni vitu gani vinavyoivuruga spini?

Cha kwanza ni viini vya jirani. Kiini cha haidrojeni kina spini yake na usumaku wake, na kila kinapogeuka, uga unaohisiwa na elektroni hubadilika kidogo. Viyeyusho vingi vya kawaida vimejaa haidrojeni. Toluini ina ubaya wa ziada: vikundi vyake vya methili huendelea kuzunguka hata kwenye baridi kali, na kila kinapozunguka hubeba haidrojeni tatu. Dawa ni kutumia kiyeyusho ambacho haidrojeni zake zimebadilishwa kuwa dyuteriamu, yaani haidrojeni nzito, ambayo usumaku wa kiini chake ni dhaifu zaidi, na kinachoganda kuwa kioo badala ya fuwele. Fuwele zinapojipanga huzisukuma fulerini zikusanyike pembeni, na zikikusanyika spini zao huanza kusumbuana zenyewe kwa zenyewe. Vipimo vile vya 2010 vilitumia ortho-tefenili yenye dyuteriamu, ambayo inatimiza masharti yote mawili.

Kaboni daisalfaidi ina faida nyingine: karibu viini vyake vyote, vya kaboni-12 na salfa-32, havina spini kabisa.

Cha pili ni kaboni ya tundu lenyewe. Takriban asilimia 1.1 ya kaboni ya kawaida ni kaboni-13, ambayo kiini chake kina spini. Fanya hesabu: uwezekano kwamba atomi zote 82 ni kaboni-12 ni 0.989 kwa kipeo cha 82, yaani kama 0.40. Kwa hiyo katika kila molekuli 10 za C82, takriban 4 tu ndizo safi kabisa. Ni swali zuri la mtihani wa kidato cha sita, anayetaka alichukue.

Cha tatu ni mtikisiko. Metali haikai katikati ya C82. Imesogea upande mmoja, na hutikisika dhidi ya ukuta. Spini iko ukutani lakini ina uhusiano na metali, kwa hiyo mtikisiko huo unaifikia. Joto likipanda mtikisiko huongezeka, T1 hufupika, na T2 hufuata. Metali nzito huongeza tatizo, kwani ndani ya atomi nzito spini hufungamana zaidi na mwendo wa elektroni kuzunguka kiini, na kupitia mwendo huo inahisi kila mtikisiko.

Cha nne huwaangusha wageni wa maabara: oksijeni. Molekuli ya oksijeni ya hewani ina elektroni mbili zisizo na wenza. Ikiyeyuka kwenye sampuli yako, kila inapopita karibu na fulerini inavuruga spini. Ndiyo maana sampuli huandaliwa hivi: mrija mwembamba wa kwatzi unatumbukizwa kwenye naitrojeni ya kimiminika hadi yaliyomo yagande, pampu inafyonza gesi iliyobaki juu, valvu inafungwa, mrija unaachwa uyeyuke taratibu, na vipovu vidogo vya hewa vinaonekana vikipanda. Unagandisha tena, unafyonza tena. Unarudia mpaka vipovu viishe. Halafu mrija unazibwa kwa moto wakati yaliyomo bado yameganda. Ukiruka hatua hii, hizo mikrosekunde zako ni za oksijeni, si za molekuli.

Ni ipi bora: skandiamu, itriamu au lanthanamu?

Tofauti inayoonekana mara moja ni kiini cha metali. Skandiamu-45 na lanthanamu-139 zina spini ya kiini ya 7/2, kwa hiyo mstari mmoja wa EPR, yaani alama inayoonekana spini inapofyonza maikrowevu, hugawanyika kuwa 8. Itriamu-89 ina spini ya 1/2: mistari miwili tu, na iko karibukaribu sana. Ukiweka Sc@C82 safi kwenye mashine utaona mistari 8 myembamba imesimama kwa nafasi sawa, kama gausi 3.8 (gausi ni kipimo kidogo cha uga sumaku) kati ya mmoja na mwingine. Nafasi hiyo ni ndogo, na udogo huo wenyewe ni ushahidi kwamba spini kwa sehemu kubwa haiko kwenye metali bali kwenye tundu. Kwa lanthanamu nafasi ni ndogo zaidi, kama gausi 1.2.

Mistari mingi inaweza kuwa baraka au balaa. Baraka, kwa kuwa kila mstari ni hali tofauti ya kiini na unaweza kuitumia kama kumbukumbu ya ziada. Balaa, kwa kuwa pigo moja la maikrowevu huenda lisizifikie zote, na sehemu ya spini zako inabaki bila kazi. Mimi ningeanza na itriamu. Wengine wangeniambia niache uoga.

Kaka, mbona nasoma Sc3N@C80 ndiyo inayopatikana kwa wingi? Si tuitumie hiyo?

Ni kweli, kwa wingi kwenye masizi inafuata C60 na C70, tangu ilipotangazwa na kundi la Virginia Tech mwaka 1999. Tatizo: elektroni zake zote zina wenza. Kwa EPR iko kimya.

Kuna njia za kuipa ukoo huo sauti. Moja ni kubadilisha atomi moja ya kaboni ya tundu kwa naitrojeni. Y2@C79N ni mfano ninaoupenda. Elektroni isiyo na mwenza haikai ukutani; inakaa ndani, katikati ya atomi mbili za itriamu, ikizifunga zote mbili. Mistari yake ya EPR ni mitatu, na nafasi kati yake ni kama gausi 81. Linganisha na gausi 3.8 za Sc@C82, na kiini cha itriamu ni dhaifu kuliko cha skandiamu. Hapo hakuna ubishi spini iko wapi.

Kwa hiyo yale maneno ya "tundu linalinda" yanaanza kuwa kweli hata kwa metali, lakini kwa molekuli za aina hii tu. Gd2@C79N ni ndugu yake: gadoliniamu mbili na elektroni moja katikati hutoa spini ya jumla ya 15/2, yaani viwango 16 vya nishati ndani ya molekuli moja, na mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba unaweza kuisukuma kwa maikrowevu ikapanda na kushuka kati ya viwango kwa utaratibu.

Na hizi "sumaku za molekuli moja" nazo ni mada hiyohiyo?

Ni majirani, lakini wanataka kitu kingine. Mwaka 2012 DySc2N@C80 ikawa fulerini ya kwanza kuonyesha tabia ya sumaku ya molekuli moja: ukiielekeza kwa uga kwenye baridi kali, inabaki imeelekea hivyo kwa muda hata uga ukiondolewa. Mwaka 2017 kundi la Dresden lilionyesha kwamba atomi mbili za disprosiamu zilizounganishwa na elektroni moja ndani ya C80 hushikilia mwelekeo hadi kelvini 18 hivi.

Hapo kinachotafutwa ni T1 ndefu, ya sekunde na dakika, kwa ajili ya kuhifadhi sifuri na moja za kawaida. Anayetengeneza kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, anahitaji awamu. Disprosiamu inayofaa kwa kazi ya kwanza mara nyingi haifai kwa ya pili, kwa sababu ufungamano uleule mkubwa wa spini na mwendo wa elektroni unaoifanya iwe ngumu kupinduka ndio unaoivurugia awamu.

Mikrosekunde 200? Hicho si kitambo cha kuchekesha?

Kwa binadamu, ndiyo. Lakini pigo moja la maikrowevu la kuigeuza spini huchukua makumi ya nanosekunde. Ukigawa, unapata nafasi ya mapigo elfu kadhaa kabla awamu haijapotea. Swali gumu zaidi ni kila pigo linakosea kwa kiasi gani, na molekuli mbili utaziunganishaje ili zifanye kazi pamoja bila kuharibiana. Hapo mikrosekunde haziwezi kukusaidia.

Kwa hiyo kompyuta ya fulerini itafika lini Kariakoo?

Usiweke hela zako hapo. Mashine za kwanta zilizopo zimejengwa hasa kwa saketi za superkondakta, ambazo hufanya kazi kwenye makumi ya milikelvini au chini ya hapo, na kwa ioni au atomi zilizonaswa kwa uga na leza. Fulerini hazimo kwenye mbio hizo za mbele. Mvuto wake ni mwingine: kila molekuli ya Y@C82 ya umbo fulani ni pacha kamili wa nyingine, bila kiwanda kuzilinganisha, na zinaweza kujipanga zenyewe. Tangu mwaka 1998 inajulikana kwamba fulerini huingia ndani ya mirija ya kaboni na kusimama mstari mmoja. Mstari wa spini uliojipanga bila mkono wa mtu ni kishawishi kikubwa. Kuisoma spini moja moja kwenye mstari huo ndiko kunakotesa watu.

Kwa maoni yangu matumizi ya kwanza yatakuwa madogo na ya kipimo: vihisi vya uga sumaku, alama za spini za kupimia umbali ndani ya protini, na saa ndogo sana, ambazo N@C60 imekuwa ikipendekezwa kwazo.

Zinatengenezwaje, na bei yake?

Unachukua fimbo ya kinywe, unaitoboa katikati, unaishindilia oksaidi ya metali iliyochanganywa na unga wa kinywe. Unaiweka kwenye chemba yenye heliamu ya shinikizo dogo na kupitisha umeme wa takriban ampea 100 hadi cheche iiteketeze fimbo. Kuta zinajaa masizi meusi mepesi. Masizi yanaloweshwa kwenye kiyeyusho, na kazi ya kweli inaanza: kutenganisha kwa kromatografia, mzunguko baada ya mzunguko, molekuli zinazotofautiana kidogo mno. Kilo za masizi huishia kuwa miligramu.

Kuhusu bei, mwaka 2015 kampuni changa iliyotokana na Chuo Kikuu cha Oxford iliripotiwa kuuza mikrogramu 200 za N@C60 kwa pauni 22,000. Za metali kwa kawaida ni nafuu kuliko hiyo. Neno "nafuu" hapa lichukuliwe kwa tahadhari.

Kinywe tunacho, madini adimu tunayo, heliamu tunayo. Si tungetengeneza wenyewe?

Swali hili huja na hasira kidogo, na ninalielewa. Kinywe kipo Mahenge na Ruangwa. Ngualla, mkoani Songwe, kuna hazina ya madini adimu. Bonde la Rukwa lilitangazwa kuwa na heliamu mwaka 2016. Ukiziweka mezani, orodha ya malighafi inaonekana imekamilika.

Lakini angalia viwango. Fulerini za utafiti wa dunia nzima hazihitaji mgodi; fimbo chache na gramu za oksaidi zinatosha maabara mwaka mzima. Pia Ngualla inajulikana zaidi kwa neodimiamu na praseodimiamu, ambazo soko lake ni sumaku za mota, wala si kwa itriamu na skandiamu tunazozizungumzia hapa. Heliamu ndiyo yenye uzito wa kweli, kwa sababu inatumika mara mbili: gesi ndani ya chemba, na kimiminika cha kelvini 4.2 cha kupozea sampuli. Kinachokwamisha ni mashine ya kromatografia, EPR ya mapigo, fundi wa kuitunza, na umeme usiokatika katikati ya kipimo cha usiku kucha. Hivyo havichimbwi.

Yale mafuta ya C60 yanayouzwa mtandaoni kwa ajili ya afya ni haya?

Siyo. Hiyo ni C60 tupu kwenye mafuta ya kula: haina metali na haina elektroni isiyo na mwenza. Kuhusu kuongeza umri, sijaona ushahidi kwa binadamu wa kumfanya mtu atoe hela.

Kuna hatari gani kwenye kazi yenyewe?

Watu huiogopa metali. Mimi naogopa kiyeyusho. Kaboni daisalfaidi huchemka kwenye nyuzi 46 za Selsiasi, ni sumu kwa mishipa ya fahamu, na mvuke wake hushika moto kwa kugusa tu kitu chenye nyuzi 90 na kitu, bila cheche wala njiti. Chumba kisicho na feni ya kufyonza hewa, mchana wa Januari Dar es Salaam, si mahali pa kufungua chupa hiyo.

Mimi ni mwanafunzi, sina maabara. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kompyuta. EasySpin ni programu ya bure ya kuigiza vipimo vya EPR, ingawa inahitaji MATLAB, kwa hiyo ulizia leseni ya chuo. ORCA, ya kukokotoa spini imekaa wapi kwenye molekuli, ni bure kwa matumizi ya kitaaluma. Ukokotoaji wa C82 unaweza kuchukua siku kwenye kompyuta ya kawaida; weka programu ihifadhi kila hatua, maana umeme hautakuomba ruhusa.

Zoezi la kwanza: igiza Sc@C82 kwa g (namba inayohusisha spini na uga) ya 2.00, spini ya kiini ya 7/2 na gausi 3.8. Upate mistari 8 yenye urefu sawa. Kisha jaribu Sc3C2@C80, yenye skandiamu tatu zinazolingana na gausi 6.5. Kabla ya kubonyeza kitufe, hesabu kwa karatasi itakuwa mistari mingapi. Ukipata 22, na ukaona kwa nini ya katikati ni mirefu na ya pembeni ni mifupi, ongeza upana wa mistari kidogo kidogo na utazame inavyomezana. Mistari ya Y@C82 itamezana mapema kuliko yote.